Teoremu ya Menger

Teoremu ya Menger ni kanuni ya nadharia ya grafu, tawi la hisabati linalochunguza namna vitu vinavyounganishwa. Inajibu swali la kiasi gani cha mtandao kinaweza kupotea kabla ya sehemu mbili kutengana kabisa. Ilichapishwa mwaka 1927 na Karl Menger (1902–1985), mwanahisabati wa Austria aliyezaliwa Vienna na kufariki Marekani.

Maelezo

Grafu ni mkusanyiko wa nodi pamoja na viungo, ambavyo kila kimoja huunganisha nodi mbili. Nodi inaweza kuwa mji, stesheni au kompyuta. Kiungo kinaweza kuwa barabara, reli au waya. Tukichukua nodi mbili zisizoungana moja kwa moja, teoremu inasema kwamba idadi ndogo kabisa ya nodi za kati zinazotosha kuzitenganisha zikiondolewa ni sawa na idadi kubwa kabisa ya njia baina yake zisizochangia nodi yoyote ya kati.

Nusu ya kanuni hii ni rahisi. Zikiwapo njia tatu zisizogusana, anayetaka kuzifunga hana budi kuondoa angalau nodi moja katika kila njia. Ugumu uko upande wa pili: ikiwa kuondoa nodi mbili zozote hakutoshi, basi njia tatu zipo, hata kama hakuna aliyezichora bado.

Mfano wa barabara za Dodoma

Msafiri anayetoka Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenda Dar es Salaam kwa kawaida hupita Morogoro, Chalinze na Kibaha. Njia ya pili huzunguka kaskazini: Kondoa, Babati, Arusha, Moshi, Korogwe, Segera, Msata na Bagamoyo. Ya tatu huenda kusini kwa Mtera hadi Iringa, kisha Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, Lindi na Kibiti. Hakuna mwenye haraka atakayeichagua, lakini hisabati haiulizi urefu wa safari.

Njia hizi tatu hazikutani mji wowote wa kati. Je, ipo ya nne? Kwa kuhesabu barabara kuu za lami pekee, haipo, na uthibitisho wake ni mfupi: Kibaha, Bagamoyo na Kibiti zikifungwa, Dar es Salaam haifikiki tena kutoka Dodoma. Njia tatu, vizuizi vitatu. Mtu akionyeshwa vyote viwili hahitaji kukagua ramani nzima.

Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Kibiti–Lindi katika eneo la Somanga. Kwa msafiri wa Dodoma zilibaki njia mbili. Kwa mtu wa Lindi anayekwenda Dar es Salaam, njia iliyobaki ilikuwa ya kuzungukia Songea.

Historia

Menger hakuwa mtaalamu wa grafu. Aliifikia kanuni hii akichunguza mikunjo katika topolojia, na uthibitisho wake wa kwanza ulikuwa na pengo. Mwaka 1930 alipita Budapest na kumweleza Dénes Kőnig, aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu grafu. Kwa masimulizi ya Menger mwenyewe, Kőnig hakuamini. Alikesha akitafuta mfano wa kuipinga na asubuhi akakubali kwamba ameshindwa. Mwaka 1931 Kőnig alithibitisha kisa maalumu kilichokuwa kimekosekana, na teoremu ikaingia katika kitabu chake cha 1936.

Mwaka 1956 Lester Ford na Delbert Fulkerson walichapisha kanuni pana zaidi kuhusu mtiririko katika mitandao. Chanzo kimojawapo cha utafiti huo kilikuwa ripoti ya Marekani kuhusu uwezo wa reli za Umoja wa Kisovyeti.

Matumizi

Katika kompyuta zenye vichakato vingi, teoremu hutumika kupima ustahimilivu wa muunganisho. Mashine ya Cosmic Cube, iliyojengwa katika taasisi ya Caltech na kuanza kazi mwaka 1983, ilikuwa na vichakato 64 vilivyopangwa kama mchemraba wa vipimo sita. Kila kichakato kina majirani sita, na vichakato vyovyote vitano vikiharibika, vilivyobaki bado huweza kuwasiliana.

Nyaya za baharini huonyesha pia mahali ambapo hesabu hupotosha ikiwa grafu imechorwa vibaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM, zote zinazotua Dar es Salaam, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili. Kenya ilikuwa na njia nyingine, ukiwemo waya wa TEAMS unaotoka Mombasa hadi Fujairah. Kwenye karatasi EASSy na SEACOM ni viungo viwili. Lakini pale nyaya zinapopita eneo moja la sakafu ya bahari, mhandisi huliingiza eneo hilo katika grafu kama nodi, na njia mbili huhesabiwa kuwa moja.