Kanda Niliyoifuta

Mwaka 1984 nilitenda kosa dogo ambalo sijalisahau hadi leo. Mdogo wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi Tanga kutoka safari za Ulaya alikuja na sabuni, mashati na kanda za muziki. Safari ile aliniletea kanda aliyoinunua Hamburg, ya kundi la Kijerumani liitwalo Kraftwerk. Jina lake Trans-Europe Express. Akaniambia, "Kaka, hii usiidonoe wimbo mmoja mmoja. Kaa chini, uisikilize toka mwanzo hadi mwisho." Niliisikiliza kwa dakika tano hivi. Nikasikia mashine inagonga, mtu anaimba kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni, na mashine inaendelea kugonga. Nikamwambia huo si muziki, ni makelele ya karakana. Akacheka, akarudi melini.

Siku hizo kanda tupu zilikuwa adimu, kama zilivyokuwa adimu sukari na khanga. Dada yetu alipoolewa mwaka huohuo, nilitaka kurekodi sherehe. Wanaozikumbuka kanda wanajua kuwa zile zilizotoka kiwandani na muziki wake zilikuwa na vishimo viwili mgongoni, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Dawa tuliijua sote: unasokota kipande cha karatasi, unaviziba vishimo, kazi imekwisha. Ndivyo nilivyofanya. Upande wa kwanza wote ukajaa dua, vigelegele na taarabu. Upande wa pili sherehe iliisha mapema, na baada ya sauti ya shangazi akiaga, ghafla walijitokeza Wajerumani: vinanda vinazunguka taratibu kama maji ya kisima yaliyotupiwa kijiwe. Dakika chache tu, kisha kanda inakwisha.

Mdogo wangu aliporudi na kuisikia hakugomba. Alisema tu, "Umeniachia mkia, kaka."

Wahenga walituasa kwamba aliyemla ng'ombe mzima asishindwe na mkia. Mimi nilifanya kinyume: ng'ombe mzima nilimtupa, nikabaki na mkia. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali ninalotaka kulitafakari ni hilohilo. Je, albamu za muziki wa elektroniki na wa kuchezea disko zimenyimwa heshima inayostahili? Sisemi dansi la bendi kama tunavyoliita hapa kwetu. Nasema muziki uliozaliwa na sintesaiza na mashine za ngoma, yaani disko na wanawe, hausi na tekno. Nyimbo zake zinajulikana dunia nzima. Lakini albamu zake, yaani kazi iliyopangwa na mtu kwa makusudi, ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, ni wangapi wanazijua?

Hebu tutazame historia. Mwaka 1974 hao Kraftwerk, ambao Ralf Hütter na Florian Schneider waliliasisi kundi lao mjini Düsseldorf mwaka 1970, walitoa albamu ya Autobahn. Wimbo wenye jina hilo ulijaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 22, ukisimulia safari ya gari katika barabara kuu ya Ujerumani. Mwaka uliofuata ulipendwa na redio za Marekani, lakini uliopendwa ni mkato wa dakika tatu na ushei. Safari ya dakika 22 ilifanywa kuwa ya kwenda dukani na kurudi.

Mwaka 1975 Tom Moulton, fundi wa kuchanganya muziki, aliziunganisha nyimbo tatu za Gloria Gaynor katika upande wa kwanza wa albamu ya Never Can Say Goodbye, ziende mfululizo pasipo kituo, ili mchezaji asipoe. Mwaka 1977 Donna Summer alitoa I Feel Love, wimbo ambao Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliutengeneza mjini Munich kwa sintesaiza karibu mwanzo hadi mwisho. Wimbo huo nani asiyeujua? Lakini ni wachache wanaojua kwamba ni wa mwisho katika albamu ya I Remember Yesterday, na kwamba albamu hiyo ilipangwa kama safari ya nyakati: inaanza na mtindo wa miaka ya 1940, inapita katika mitindo ya miaka ya karibu zaidi, halafu inamalizia na muziki wa wakati ujao. Anayeusikia wimbo ule peke yake anasikia wimbo mzuri. Anayeufikia baada ya nyimbo zinazoutangulia anasikia dirisha likifunguliwa.

Basi kwa nini heshima haikufuata? Nadhani sababu ya kwanza ni kipimo. Wahakiki wengi wa Marekani na Uingereza walikuwa wamejifunza kuipima albamu kwa vigezo vya muziki wa roki: mtu na gita lake, maneno yenye uzito, jasho linaloonekana. Ukimpima samaki kwa namna anavyopanda mti, utasema samaki ni mvivu. Katika muziki huu marudio ndiyo maana yenyewe. Sisi tuliokulia penye ngoma tungepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Ngoma ya usiku kucha hairudii pigo kwa kukosa la kusema, bali hurudia mpaka moyo wa msikilizaji uingie mahali ambapo maneno hayafiki. Nililijua hilo uwanjani, nikalisahau mbele ya kanda.

Sababu ya pili ni chungu zaidi. Disko ulikuwa muziki wa Wamarekani weusi, wa Walatino na wa mashoga, watu ambao jamii yao iliwatazama kwa jicho la pembeni. Mwanzoni mwa mwaka 1979 tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka ilikwenda kwa Saturday Night Fever, muziki wa filamu ya disko. Ungesema heshima imefika. Haikutimia miezi sita. Tarehe 12 Julai mwaka huohuo, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti kati ya mechi mbili, umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mmoja mweusi aliyekuwa akifanya kazi ya kuwaonyesha watazamaji viti, Vince Lawrence, amesimulia baadaye kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa hata za disko, bali za waimbaji weusi tu. Mwaka 1980 Grammy walitoa tuzo ya wimbo bora wa disko, kwa Gloria Gaynor, kisha wakaifuta. Ilitolewa mara moja ile tu.

Ajabu ya Mungu, Lawrence huyohuyo alishiriki katika kutengeneza mojawapo ya santuri za kwanza kabisa za muziki wa hausi, On and On ya Jesse Saunders, mwaka 1984, katika mji uleule wa Chicago. Kilicholipuliwa kilikuwa mbegu. Na huko Detroit, vijana watatu waliosoma pamoja Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa wakiunda muziki wao, masikio yao yakiwa Düsseldorf na miguu yao katika mji wa viwanda vya magari. Mwaka 1988 nyimbo zao na za wenzao zilikusanywa Uingereza katika albamu moja, na jina la albamu hiyo ndilo lililoutambulisha muziki huo duniani: tekno. Tazama basi kazi ya albamu. Santuri za wimbo mmoja mmoja zilikuwapo tayari, zikichezwa na madiji. Ilipopatikana albamu, ndipo mtoto alipotangazwa jina.

Baada ya hapo malipo yalikuja, ila kwa mwendo wa konokono. Grammy walirudisha tuzo ya wimbo wa dansi mwaka 1998, miaka 18 baada ya kuifuta ile ya disko. Tuzo ya albamu ya elektroniki na dansi ilianza kutolewa mwaka 2005. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliwaalika Kraftwerk kupiga albamu zao nane kwa usiku nane, kila usiku albamu moja. Mwaka 2014 Daft Punk wa Ufaransa walipata tuzo ya albamu ya mwaka kwa Random Access Memories, ambamo Moroder mwenyewe anasimulia maisha yake. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba muziki huu haujapata tuzo kabisa, atakuwa anasema uongo. Lakini heshima hiyo ilikwenda zaidi kwa Ulaya kuliko kwa Chicago na Detroit, na ilikuja wakati wengi wa waliochangia walikuwa wazee au marehemu.

Nisiwe wakili wa upande mmoja. Wapo wanaosema kwamba albamu si makao ya muziki huu. Makao yake, wanasema, ni sakafu ya kuchezea, na diji anayeunganisha nyimbo za watu ishirini usiku kucha ndiye mtunzi wa albamu ya kweli, ambayo hufa jua linapochomoza. Hoja hii nzito, na siiwezi kuipuuza. Nakiri pia kwamba albamu nyingi za disko zilikuwa wimbo mmoja uliopendwa, na ndugu zake saba walioletwa kujaza nafasi. Lakini albamu mbovu zipo katika kila aina ya muziki, na hakuna anayeihukumu roki nzima kwa sababu yake. Tena, usiku wa diji haurithiwi. Aliyekuwapo kauona, ambaye hakuwapo atasimuliwa. Albamu hurithiwa, na jina la aliyeitunga limeandikwa ubavuni.

Hapo ndipo linaponigusa jambo hili nyumbani. Katika vyumba vidogo vya Dar es Salaam vijana wetu wametengeneza singeli, muziki wa kompyuta unaokwenda mbio kuliko karibu muziki wowote wa dansi duniani, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Wazee wenzangu wameuita fujo, na mimi nilikaribia kusema yaleyale niliyoyasema mwaka 1984. Mwaka 2017 nyimbo za studio ya Sisso, ya Mburahati, zilikusanywa katika albamu iitwayo Sounds of Sisso. Waliotoa albamu hiyo walikuwa Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Nawashukuru majirani, lakini naona haya kidogo. Muziki uliokuwa ukipita masikioni mwetu kwenye vigodoro na ndani ya daladala ulihitaji mtu wa Kampala kuupangia mwanzo na mwisho na kuwaandika watu wake majina.

Mdogo wangu alifariki mwaka 2006. Miaka kadhaa baadaye mwanawe alikuja kunitembelea, na katika mazungumzo nikamweleza habari ya kanda. Akatoa simu yake, akaitafuta albamu ile, akaiweka mezani kati yetu. Safari hii nilikaa. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilishtuka, kwa maana niliutambua. Vile vinanda vinavyozunguka kama maji, ambavyo kwa karibu miaka thelathini nilivisikia baada ya sauti ya shangazi, vilikuwa pale mwanzoni kabisa. Mwisho wa albamu unarudi kwenye mwanzo wake. Treni imezunguka Ulaya nzima na kurejea kituo ilikoondokea, na kinachokufanya usikie kwamba imerejea ni kule kwote ilikopita.

Miaka yote ile nilikuwa na mkia mkononi, nikidhani najua mnyama alivyo. Kumbe mkia ule ulikuwa umebeba kichwa, nami sikuwa na namna ya kujua.

Kanda bado ninayo. Dada huja kuisikiliza kila baada ya muda, kwa sababu sauti ya mama yetu imo humo, na sijutii kuirekodi sauti hiyo. Ninachojutia ni zile dakika tano. Laiti ningekaa upande mmoja tu, nikanyamaza, halafu nikasema siupendi, ningekuwa nimesema haki. Nilimhukumu mgeni kabla hajamaliza salamu. Mpwa wangu huyo, maana watoto wote siku hizi nawaita wapwa, aliponiuliza kama sasa naupenda muziki wa baba yake, sikujua la kumjibu. Nilimwambia airudishe mwanzo.