Fahamu Mabadiliko ya Rangi ya Kucha na Magonjwa Yanayohusishwa Nayo

Katika Soko la Samaki Feri, jijini Dar es Salaam, mikono ya wauzaji na wapara samaki hushinda ndani ya maji na barafu, na mbeba mizigo kuangukiwa na tenga mguuni si jambo geni. Katika mazingira hayo, ukucha unapobadilika rangi ni rahisi kudhani kuwa ni athari ya kazi. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, lakini si wakati wote.

Damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kugongwa huacha doa jeusi linalosogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, hivyo doa huisha baada ya miezi 6 hivi. La kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Aidha, kucha zinazolowa kwa muda mrefu hushambuliwa na fangasi na bakteria, zikageuka njano, kahawia au kijani.

Michirizi myembamba ya kahawia au nyeusi, kutoka shina la ukucha hadi nchani, ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa inapokuwa katika vidole kadhaa, na huongezeka kwa umri. Baadhi ya dawa, zikiwemo zidovudini inayotumiwa na watu wanaoishi na VVU na baadhi ya dawa za saratani, pia hutia kucha weusi. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa sababu hiyo bila ushauri wa daktari.

Kucha zote zinapobadilika kwa pamoja, chanzo huweza kuwa ndani ya mwili. Kucha zilizopauka huweza kuashiria upungufu wa damu. Zilizo nyeupe karibu zote huhusishwa na ugonjwa wa ini. Zenye nusu nyeupe na nusu ya kahawia huhusishwa na figo. Na rangi ya bluu huashiria upungufu wa oksijeni unaotokana na maradhi ya moyo au mapafu. Dalili hizo pekee hazithibitishi ugonjwa, vipimo vinahitajika.

Hali inayohitaji uchunguzi wa haraka ni mchirizi mweusi mpya katika kidole kimoja, hasa kidole gumba, unaozidi kupanuka, wenye rangi zisizolingana, au ambao weusi wake umeenea hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Hiyo huweza kuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa Waafrika hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligundulika nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, baada ya kidole hicho kuumia katika mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Wananchi wanashauriwa kukagua kucha za mikono na miguu, kutofunika doa lisiloeleweka kwa hina au rangi, na kufika mapema katika kituo cha afya kilicho karibu. Mtaalamu akiona haja, mgonjwa hupewa rufaa ili kinyama kidogo kichukuliwe na kupimwa. Kwa wakazi wa Feri, Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo katika ufukwe huohuo wa bahari, si mbali na soko.