Usharika wa Kilutheri wa Strand Street na Suala la Lugha ya Ibada

Katika maandishi mengi yahusuyo lugha za wahamiaji, kanisa huhesabiwa kuwa ngome ya lugha. Husemwa kwamba mhamiaji aweza kuacha vazi la kwao, chakula cha kwao na hata tahajia ya jina lake, lakini lugha aliyofundishwa kusali nayo huwa ya mwisho kumtoka. Dai hili halikosi ushahidi. Huko Pennsylvania, Mchungaji Heinrich Melchior Mühlenberg aliwasili mwaka 1742, na mwaka uliofuata usharika wake wa Trappe ukaanza kujenga kanisa. Katika sharika za namna hiyo Kijerumani kilihubiriwa kwa vizazi kadhaa. Hata hivyo, dai lenye ushahidi si lazima liwe kanuni. Katika Rasi ya Tumaini Jema, Wajerumani wa karne ile ile walianzisha usharika wa Kilutheri ambao, ulipopata ruhusa ya kuabudu hadharani, uliabudu kwa Kiholanzi tangu siku ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za jambo hilo, na pia kueleza kwa nini, miaka themanini hivi baadaye, Kijerumani kilipata usharika wake katika mji huo huo wa Cape Town, tena si katika kanisa walilolijenga Wajerumani wa kwanza.

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji wa Kiswahili atahadharishwe juu ya neno moja. Mdachi kwetu ni Mjerumani, na neno hili lina asili moja na jina ambalo Waingereza humwitia Mholanzi. Mkanganyo huo haukuletwa na Waswahili. Ni masalia ya zama ambazo lugha za watu wa Ujerumani na za Uholanzi hazikuwa zimetengwa kwa mipaka ya mataifa, na ambapo lahaja za kaskazini mwa Ujerumani zilikaribiana na Kiholanzi kuliko zilivyokaribiana na lahaja za milima ya kusini. Jambo hili litakumbukwa hapo mbele.

Kituo cha Rasi kilianzishwa mwaka 1652 na Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi, chini ya Jan van Riebeeck, kwa ajili ya kuzipatia merikebu maji, mboga na nyama. Kampuni ilikuwa ya Kiholanzi kwa mtaji na uongozi, lakini haikuwa hivyo kwa watu wake wa chini. Uholanzi ya wakati huo haikuwa na vijana wa kutosha waliokuwa tayari kwenda kufa kwa homa za Batavia, na kwa hiyo Kampuni iliwaandika Wajerumani kwa maelfu, hasa katika uaskari. Wengi walipita Rasi wakielekea Mashariki. Baadhi walibaki, wakamaliza mkataba, wakapewa hadhi ya raia huru, wakalima ngano na mizabibu au wakafanya kazi za mikono mjini. Wanahistoria wa nasaba wanatofautiana katika makadirio yao, lakini wote wanawapa Wajerumani sehemu kubwa, yapata robo hadi theluthi, katika damu ya walowezi wa kizungu wa Rasi.

Watu hawa walikuwa Walutheri kwa wingi. Kanisa pekee lililoruhusiwa kuabudu hadharani lilikuwa lile la Kikalvini la Uholanzi. Mlutheri hakuteswa wala hakufukuzwa. Alibatizia watoto wake katika kanisa la Kikalvini, akazikwa katika makaburi yake, na mara kwa mara, merikebu ya Kidenmark au ya Kiswidi ilipotia nanga ikiwa na kasisi, aliweza kusikia ibada ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 Walutheri wa Rasi waliomba wapewe mchungaji wao, na wakakataliwa. Maombi yalirudiwa, na kukataliwa kukarudiwa vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba huko Batavia, makao makuu ya Kampuni hiyo hiyo katika Mashariki, Walutheri walipata ruhusa katika miaka ya 1740, kwa kuwa Gavana Mkuu van Imhoff alikuwa Mlutheri mwenyewe. Basi kizuizi hakikuwa cha itikadi ya Kampuni nzima. Kilitegemea ni nani aliyekalia kiti, na katika Rasi viti vilikaliwa na Wakalvini.

Mtu aliyeufungua mlango huo alikuwa Martin Melck, mzaliwa wa Memel katika Prussia. Alifika Rasi mwaka 1746 akiwa askari wa Kampuni, akaoa mjane mwenye mali, na katika muda wa miaka michache shamba lake la Elsenburg lilikuwa miongoni mwa mashamba makubwa ya koloni. Katika ardhi yake ya Strand Street alijenga jengo kubwa ambalo kwa nje lilikuwa ghala tu. Lilikamilika mwaka 1774. Kila mtu mjini alijua lilikusudiwa nini, na serikali nayo ilijua. Lakini ghala si kanisa, na mtu hakatazwi kujenga ghala. Walutheri wakawa wakikusanyika humo bila ya mchungaji wao wa kudumu. Wanaomsifu Melck kwa ukarimu wake wana haki ya kufanya hivyo, mradi wasisahau utajiri ule ulitoka wapi: alikuwa mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa katika koloni.

Hatimaye, mwaka 1779, wakuu wa Kampuni walitoa ruhusa. Mchungaji alitafutwa na baraza la Kanisa la Kilutheri la Amsterdam, naye Andreas Lutgerus Kolver, aliyetoka Uholanzi, akaongoza ibada ya kwanza mnamo Desemba 1780. Melck alifariki mwaka uliofuata.

Ibada ilikuwa kwa Kiholanzi. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Maelezo yaliyo mepesi ni kwamba Kampuni haingevumilia lugha nyingine hadharani, na hapana shaka hisia hiyo ilikuwapo: Wafaransa wa Huguenot waliofika mwaka 1688 walipoteza Kifaransa chao kanisani na shuleni katika kizazi kimoja au viwili kwa sera ya makusudi. Lakini Wafaransa walilalamika, na kwa kuwa walikuja kwa jamaa zao walikuwa na lugha ya kulalamikia. Waliokusanyika Strand Street waliipokea ibada ya Kiholanzi kama jambo la kawaida, na kupokea huko kunahitaji maelezo ya ndani zaidi kuliko amri.

Kwanza itazamwe nyumba. Mjerumani wa Rasi alikuja kijana, peke yake. Alipooa, alioa binti wa mlowezi mwenye kusema Kiholanzi, au mwanamke aliyezaliwa utumwani aliyekombolewa, ambaye naye alisema Kiholanzi cha Rasi pamoja na lugha nyinginezo. Lugha ya mama ikawa, kwa maana halisi ya maneno hayo, lugha ya mama, na Kijerumani kikabaki kuwa lugha ya baba ambayo hakuwa na mtu wa kuisema naye mezani. Kufikia mwaka 1780 wengi wa waliojaza mabenchi ya kanisa lile walikuwa wana na wajukuu wa watu wa namna hii. Hivyo mchungaji aliyehubiri kwa Kijerumani angewapata wazee na askari wageni, akawakosa wake na watoto.

Tena, Kijerumani kipi? Melck alitoka ukingoni mwa bahari ya Baltiki. Anton Anreith, mchongaji aliyeupa usharika huu fahari yake kubwa, alitoka Riegel karibu na Freiburg, upande wa pili kabisa wa nchi. Lahaja za watu hawa wawili zilitofautiana kiasi cha kufanya mazungumzo kuwa kazi. Ni kweli kwamba Walutheri walikuwa na Kijerumani cha Biblia ya Luther kilichowaunganisha wasomi, lakini askari hakuwa msomi. Katika kambi na bandarini lugha iliyowaunganisha Wajerumani wa Rasi wao kwa wao ilikuwa Kiholanzi, kama vile wenyeji wa bara letu wenye lugha mbalimbali walivyokutana katika Kiswahili kwenye misafara na baadaye mijini. Na imani yenyewe haikudai Kijerumani. Walutheri wa Amsterdam walikuwa wakiabudu kwa Kiholanzi tangu zamani, na Biblia ya Luther ilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1648 katika tafsiri ya Adolf Visscher. Njia ya kupata mchungaji ilipita Amsterdam, na iliyokuja na mchungaji ni lugha ya Amsterdam.

Basi kilichofichwa ndani ya ghala la Melck ni madhehebu, si lugha. Lugha ilikuwa imekwisha kubadilika nje ya ghala.

Juu ya jengo lenyewe hapana haja ya kusema mengi. Anreith alichonga mimbari mwaka 1785, akaiegemeza juu ya mabega ya majitu mawili yaliyopinda misuli kwa uzito, na baadaye uso wa mbele wa ghala ukafanywa uso wa kanisa. Wakalvini wa Groote Kerk waliiona kazi hiyo, nao wakamwita Anreith awachongee mimbari yao. Yao inabebwa na simba.

Suala la lugha, hata hivyo, halimaliziki kwa walioketi mbele ya mimbari. Kati ya mwaka 1652 na 1808 wapatao 63,000 waliingizwa Rasi utumwani, na yapata robo yao walitoka pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa Msumbiji. Wengine walitoka Bukini, Bara Hindi na visiwa vya Mashariki. Hao ndio waliolea watoto wa walowezi, na hao, pamoja na Wakhoikhoi, ndio waliokifinyanga Kiholanzi kikawa kile kilichokuja kuitwa Kiafrikana. Tangu Hesseling alipochapisha kitabu chake mwaka 1899 wanaisimu wamebishana juu ya kiasi cha mchango wa kila kundi. Sehemu ya Wajerumani katika ubishi huo huwa inakuzwa mno au kusahauliwa. Kwa upande wa msamiati wameacha machache: neno peits, yaani mjeledi, hutajwa mara nyingi, na si neno la fahari. Lakini kwa kuwa walijifunza Kiholanzi ukubwani, nao ni miongoni mwa waliokisema Kiholanzi kwa namna ya wageni, na idadi yao haikuwa ndogo.

Kitu kingine chastahili kutazamwa na wasomaji wa lugha za Kiafrika. Hatua chache kupanda mlima kutoka Strand Street ni mtaa wa Bo-Kaap. Msikiti wa Auwal ulianzishwa huko mwaka 1794, na imamu wake wa kwanza, Tuan Guru wa Tidore, alikuwa amefungwa katika kisiwa cha Robben. Waislamu nao walinyimwa ibada ya hadhara, na wao hawakuwa na ndugu wa Amsterdam wa kuwaombea. Uhuru wa dini kwa wote ulitangazwa mwaka 1804 tu, chini ya De Mist. Amri ya mwaka 1770 ilikataza kuuzwa kwa mtumwa aliyebatizwa, na matokeo yake, mabwana wengi walisita kuwabatiza watu wao, na Uislamu ukawapokea. Katika madrasa za Bo-Kaap Kiafrikana kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa Lamu na Mombasa. Kitabu cha fikihi cha Abu Bakr Effendi, kilichochapwa mwaka 1877, ni mfano unaojulikana sana. Wakati huo, lugha hiyo hiyo ya jikoni haikuthubutu kupanda mimbari ya Anreith. Humo kilisikika Kiholanzi cha vitabuni. Usharika ulioruhusiwa ulichukua lugha ya watawala ilivyo rasmi, na jamii iliyokatazwa ikaiandika lugha ya mtaani.

Waingereza waliitwaa Rasi mwaka 1795, wakairudisha mwaka 1803, wakaitwaa tena mwaka 1806. Kiholanzi, kilichokuwa lugha ya wenye nguvu, kikaanza kushuka daraja. Tangazo la Lord Charles Somerset la mwaka 1822 lilikusudia Kiingereza kiwe lugha ya serikali na mahakama. Kwa Strand Street jambo hili lilikuwa na kinaya chake. Usharika uliokuwa umekubali Kiholanzi kwa sababu ndicho kilichokuwa cha wote sasa ulikuwa ukishikilia lugha iliyokuwa ikikimbiwa na wakubwa.

Katikati ya karne ya 19 walifika Wajerumani wa namna nyingine. Hawa hawakuwa askari wapweke wa Kampuni. Walikuja mafundi na wafanyabiashara, na aghalabu walikuja na wake zao. Walikuta mjini kanisa la Kilutheri lenye historia ya Kijerumani na majina ya Kijerumani katika daftari zake, lakini wakaona ibada yake ni ya kigeni kwao. Walijitenga, na mwaka 1861 wakaanzisha usharika wa St. Martini, wenye kanisa lake katika Long Street, kwa ajili ya ibada ya Kijerumani. Mabishano ya namna hii huandikwa kana kwamba upande mmoja uliisaliti asili yake. Haielekei. Watu wa Strand Street walikuwa Walutheri wa Rasi ambao babu zao walikuwa Wajerumani. Wale wa St. Martini walikuwa Wajerumani waliokuwa wakiishi Rasi. Imani ilikuwa moja, lakini kila upande ulisali kwa lugha ya nyumbani kwake.

Jambo hilo hilo lilionekana Philippi, katika nchi tambarare yenye mchanga nje ya mji, ambako jamaa za wakulima wa Kijerumani zililetwa kati ya mwaka 1877 na 1883. Baba, mama na watoto walikuja pamoja, wakapakana mashamba, wakajenga kanisa lao, na Kijerumani chao kikadumu hadi karne iliyofuata. Usharika wa St. Martini ulielewa kwamba mimbari peke yake haitoshi kuidumisha lugha. Mwaka 1883 ulianzisha shule ya Kijerumani mjini Cape Town, nayo ingali inafundisha.