Dini ya Wasikhi: Jinsi mtu anavyojifunza na kuielewa mwenyewe

Wengi wetu tunawafahamu kwa kilemba. Ukimtaja Kalasinga, mtu atakumbuka fundi wa magari, mwenye karakana ya mbao, au Joginder Singh aliyeshinda mbio za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Ukiuliza Makalasinga wanaamini nini, mara nyingi jibu ni moja tu: "Si ni Wahindi?"

Uhindi ni asili ya nchi, si dini. Wahindi wako Waislamu, Wakristo, Wahindu, Wajaini na wengine. Wale tunaowaita Makalasinga au Masingasinga wenyewe hujiita Wasikhi, na dini yao ina mwanzo wake, kitabu chake na desturi zake.

Katika makala haya tunaeleza Wasikhi wanafundishwa nini na, zaidi ya hapo, Msikhi wa kawaida anaielewaje dini yake. Swali hili la pili lina uzito kwa sababu dini hii haina kasisi wa kumwelewea mtu. Kila mmoja anatakiwa ajifunze mwenyewe.

Jina lenyewe lina maana gani?

Neno "Sikh" ni la lugha ya Kipunjabi, na maana yake ni mwanafunzi. Hata mzee wa miaka themanini hubaki mwanafunzi. Mwalimu wake anaitwa Guru.

Dini hii ilianzia Punjab, nchi ya mito mitano, ambayo leo imegawanyika kati ya India na Pakistan. Mwanzilishi wake, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho sasa kinaitwa Nankana Sahib, Pakistan. Alikulia katika familia ya Kihindu, kati ya majirani Wahindu na Waislamu. Katika safari zake ndefu alifuatana na Mardana, mpiga ala wa Kiislamu. Nanak aliimba mafundisho, Mardana akapiga rababu.

Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa, na yumo ndani ya kila mtu. Kwa hiyo hakuna mtu aliyezaliwa juu ya mwingine. Fundisho hilo lilikuwa zito katika nchi ambapo watu waligawanywa kwa matabaka ya kuzaliwa, na mtu wa tabaka la juu hakuweza kula na mtu wa tabaka la chini.

Nanak hakuishia kuwa mhubiri wa njiani. Miaka yake ya mwisho aliishi Kartarpur, kando ya mto Ravi, akilima shamba kama wanakijiji wengine. Alifariki huko mwaka 1539.

Walimu kumi, kisha kitabu

Baada ya Nanak walifuata maguru wengine tisa. Guru wa tano, Arjan, alikusanya nyimbo za maguru waliomtangulia pamoja na zake, na mwaka 1604 kitabu hicho kikawekwa katika hekalu la Amritsar. Miaka miwili baadaye aliuawa mjini Lahore kwa amri ya mtawala wa Kimoghuli. Guru wa tisa, Tegh Bahadur, naye aliuawa Delhi mwaka 1675.

Guru wa kumi, Gobind Singh, aliwakusanya wafuasi wake Anandpur mwaka 1699 na kuanzisha Khalsa, jumuiya ya Wasikhi walioapa na kupokea maji ya kuwekwa wakfu. Kuanzia hapo wanaume hupewa jina la Singh, maana yake simba, na wanawake jina la Kaur. Yalikusudiwa kufuta majina ya ukoo yaliyoonyesha tabaka la mtu.

Kabla ya kufariki mwaka 1708, Gobind Singh alisema hakutakuwa na guru mwingine wa kibinadamu. Mwalimu wa milele atakuwa kitabu. Ndiyo maana kitabu hicho, Guru Granth Sahib, hufunikwa kwa vitambaa vizuri, huwekwa juu ya kiti chini ya kitambaa kilichotandazwa kama mwavuli, na usiku hupelekwa mahali pake pa kupumzikia. Msikhi anapokiinamia haabudu karatasi. Anamheshimu mwalimu aliyemo ndani ya maneno.

Kitabu hicho kina kurasa 1,430, na karibu chote ni cha kuimbwa, kwa mpangilio wa mahadhi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ndani yake mna pia nyimbo za watu ambao hawakuwa Wasikhi: Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu, Kabir mfuma nguo, na Ravidas fundi wa ngozi, kazi iliyodharauliwa sana. Leo kila anayeinamia kitabu hicho anainamia pia maneno ya fundi wa ngozi.

Nani husoma na nani hueleza?

Katika gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikhi, utamkuta mtu anayeitwa granthi. Yeye ni mtunzaji na msomaji wa kitabu, si kasisi. Mwanamume au mwanamke yeyote anayejua kusoma anaweza kukifungua na kuongoza ibada.

Kila asubuhi kitabu hufunguliwa popote, bila kuchagua ukurasa, na wimbo unaotokea upande wa kushoto juu husomwa. Huo huitwa agizo la siku. Mtu huondoka nalo akaliwaze shambani, dukani au karakanani: leo maneno haya yananiambia nini mimi?

Wengine husoma kitabu chote nyumbani polepole, kurasa chache kwa siku, hata kama itachukua miezi mingi. Katika shughuli maalumu, wasomaji hupokezana bila kusimama kwa takribani saa 48 mpaka kiishe.

Kuna ugumu wake. Kitabu kimeandikwa kwa hati ya Gurmukhi, na lugha yake ni ya karne nyingi zilizopita. Kijana aliyezaliwa Nairobi au London anaweza kuongea Kipunjabi cha nyumbani lakini asiweze kusoma hati hiyo. Husaidiwa na tafsiri, masomo ya mwisho wa wiki, na wazee wanaoeleza baada ya nyimbo. Wazazi wengi hupata wasiwasi hapa: mtoto akishika kilemba bila kushika maneno, amerithi nini?

Je, kila mtu aelewe apendavyo?

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama hakuna kasisi, si kila mtu atajitengenezea dini yake? Mafundisho ya Kisikhi yana jibu. Yanataja watu wa aina mbili. Mmoja ni gurmukh, aliyeuelekeza uso wake kwa mwalimu. Mwingine ni manmukh, anayefuata nafsi yake tu. Adui mkubwa wa kuelewa ni ubinafsi, ule umimi unaomfanya mtu asikie sauti yake mwenyewe katika kila anachosoma. Huandamana na wezi watano: tamaa ya mwili, hasira, uroho, kung'ang'ania mambo ya dunia, na kiburi.

Kwa hiyo kujielewea si kujiamulia. Msikhi husoma mwenyewe, lakini hukaa na wenzake katika mkusanyiko unaoitwa sangat, ambapo huweza kusahihishwa. Zaidi ya hapo, anachodai kuelewa hupimwa kwa matendo yake.

Mambo matatu ya kila siku

Wasikhi hufupisha maisha yao kwa mambo matatu.

La kwanza ni kulikumbuka jina la Mungu. Wanaoshika sana huamka kabla ya mapambazuko, huoga, na kusema sala ya asubuhi iliyotungwa na Nanak. Kuna sala nyingine jioni na kabla ya kulala.

La pili ni kula jasho lako kwa haki. Mapokeo yanasimulia kwamba Nanak alipofika mji mmoja alifikia kwa Lalo, seremala maskini. Tajiri aitwaye Malik Bhago aliandaa karamu, akakasirika mgeni alipokataa kuja. Nanak alishika mkate wa Lalo kwa mkono mmoja na wa tajiri kwa mkono mwingine, akaikamua. Wa seremala ukatoa maziwa, wa tajiri ukatoa damu, damu ya wale aliowanyonya. Msikhi haambiwi aache dunia aende porini. Anaambiwa afanye kazi, na kazi iwe safi.

La tatu ni kugawana. Wengi hutenga sehemu ya kumi ya mapato yao kwa ajili ya wengine. Hapa pia huingia seva, yaani kuhudumia bila malipo na bila kujionyesha. Husimuliwa habari za Kanhaiya, aliyewapa maji majeruhi vitani, hata wa upande wa adui. Aliposhtakiwa kwa Guru Gobind Singh, alijibu kwamba hakuona rafiki wala adui, aliona mwalimu wake katika kila uso. Badala ya kumwadhibu, Guru alimpa na dawa ya kupaka vidonda.

Chakula cha sakafuni

Mahali pa kuona mafundisho haya kwa macho ni langa, jiko la gurudwara. Chakula ni bure kwa yeyote, wa dini yoyote. Chapati, dengu, mboga na wali huliwa watu wakiwa wamekaa sakafuni kwa mstari, mwenye gari na asiye na nauli bega kwa bega. Nyama haipikwi, ili asitokee wa kushindwa kula.

Hekalu la Amritsar hulisha maelfu kwa maelfu ya watu kila siku kwa namna hii, na wanaoosha vyombo ni watu wa kujitolea. Hapa kwetu, gurudwara ya Makindu kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inajulikana na madereva na abiria wengi kwa chakula chake cha bure.

Alama tano

Msikhi aliyeapa hubeba vitu vitano: nywele zisizokatwa, chanuo la mbao, bangili ya chuma, kaptura ya ndani, na kisu kifupi. Nywele ni kuukubali mwili kama Mungu alivyouumba, na kilemba huzitunza na kuonyesha heshima. Bangili hukumbusha mkono usitende uovu. Kisu ni cha kumtetea mnyonge, si cha kutafuta ugomvi.

Si kila Msikhi ameapa. Wengi hawana alama zote, na wapo wanaokata nywele na bado huenda gurudwara.

Pale mafundisho na maisha yanapoachana

Tungekuwa hatusemi kweli kama tungeishia kwenye mazuri. Kuna mwongozo wa maadili uliopitishwa mwaka 1945 huko Amritsar, lakini Wasikhi bado wanabishana. Wapo wasiogusa nyama, na wapo wanaokula, ilimradi haikuchinjwa kwa ibada ya dini nyingine.

Gumu zaidi ni matabaka. Mafundisho yanayakataa waziwazi, lakini katika ndoa bado wapo wanaoulizana ukoo. Hata Afrika Mashariki, Wasikhi wa asili ya mafundi seremala na wahunzi, wanaoitwa Ramgarhia, walijenga gurudwara zao mbali na za wengine. Wasikhi wengi huliona hili na kulisema. Kitabu chao ndicho kinachowapa maneno ya kujikosoa.

Walifikaje kwetu?

Wengi walikuja wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, wakiwa mafundi, askari na vibarua. Walijenga gurudwara kando ya reli, na baadaye katika miji kama Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mwaka 1972, Wasikhi wa Uganda walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin.

Kutoka kwao alitokea Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya. Mwaka 1950 alidai uhuru hadharani, akakamatwa na kuwekwa kizuizini hadi 1961.

Ukitaka kwenda kuona

Gurudwara hazifungi mlango kwa mgeni. Ukienda, zingatia haya:

- Usiende na sigara, tumbaku wala pombe, na usiende umelewa.
- Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Kitambaa au leso inatosha.
- Ndani kaa sakafuni, na usinyooshe miguu kuelekea kitabu.
- Ukipewa halua, ipokee kwa mikono miwili.
- Kwenye langa chukua unachoweza kumaliza, kwa kuwa kuacha chakula si adabu.
- Uliza maswali. Umekwenda kwa watu wanaojiita wanafunzi, hawatakushangaa ukitaka kujifunza.

Ukimaliza kula, unaweza kuomba kusaidia kuosha vyombo. Hakuna atakayekuuliza dini yako, na utakuwa umeishika seva kwa mikono yako mwenyewe.