Vipande vya Eropleni za Vita na Habari Zilizomo

Mtu akiokota kipande cha bati porini, aghalabu hukitupa, au hukipeleka nyumbani akazibia tundu la paa. Lakini wako watu, hasa katika nchi za Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, ambao siku zao za mapumziko huzitumia mashambani wakitafuta vipande vya eropleni zilizoanguka wakati wa vita. Wakivipata huviosha, huvipangusa, kisha huvisoma kama mtu asomavyo barua iliyochelewa njiani.

Nasema huvisoma kwa kuwa eropleni imejaa maandishi. Kila kipande kilichotengenezwa kiwandani kilipigwa chapa ya namba, na kando ya namba ukawekwa muhuri mdogo wa mkaguzi aliyekikubali. Namba za vipande vya Spitfire za kwanza huanza na 300. Katika vipande vya ndege ya Messerschmitt hutafutwa 109, ambayo ndiyo namba ya aina ile ya ndege. Hata pasipo namba, parafujo husema: za Wajerumani zilipimwa kwa milimita, za Waingereza kwa inchi. Rangi nayo husema, kwani chini ya rangi ya nje mna rangi ya kwanza iliyopakwa kuzuia kutu, na kila nchi ilikuwa na yake.

Walakini kujua aina ya ndege si kujua ni ndege ipi. Spitfire zilizotengenezwa zilizidi 20,000. Mwenye kutaka kujua ni nani aliyekuwa akiiendesha hana budi apate namba ya ndege yenyewe au ya mashini yake, kisha ailinganishe na vitabu vya kikosi, vilivyoandikwa kila siku ni ndege gani iliyotoka, ilitoka na nani, na kama ilirudi. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka. Tena katika Uingereza tangu mwaka wa 1986 iko sheria inayokataza mtu kuchimba mahali ilipoanguka ndege ya jeshi bila ruhusa ya Serikali. Kwa maana shimo lile huenda likawa ni kaburi, na huenda mkawa na bomu lisilopasuka bado.

Si kila ndege iliyoacha vipande vya kusomwa. Katika nchi yetu wenyewe, tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza ilizunguka juu ya mikoko ya Rufiji ikiziongoza manowari Severn na Mersey kupiga manowari ya Kijerumani, Königsberg. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka, Arnold, aliyekuwa pamoja na rubani Cull, hakuacha kupeleka habari kwa simu ya upepo kuwaeleza wapigaji mizinga wasahihishe shabaha zao. Wakaanguka mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Lakini ndege za siku zile zilikuwa za miti na kitambaa, na vitu hivyo havidumu mbele ya matope, mchwa na maji ya chumvi.

Jangwa si kama matope. Jangwa huhifadhi. Na habari ninayotaka kuwasimulieni leo imetoka katika jangwa la Libya.

Tarehe 4 Aprili 1943 ndege 25 za Kimarekani za aina ya Liberator ziliondoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kupiga bandari ya Naples katika Italia. Upepo ulikuwa ukivumisha mchanga. Moja ya zile za mwisho kuondoka ilikuwa imeandikwa ubavuni jina lake, Lady Be Good. Walikuwamo watu tisa, na rubani wao aliitwa William Hatton. Hiyo ndiyo safari yao ya kwanza ya vita pamoja. Waligeuka bila kuipiga bandari, wakarudi peke yao usiku. Baada ya saa sita ya usiku Hatton aliita kwa simu ya upepo, akaomba aonyeshwe njia. Akajibiwa. Kisha hakusikika tena. Asubuhi ndege nyingine zikatafuta baharini, zisione kitu, na wakubwa wakaandika kwamba imezama katika Bahari ya Mediterania.

Miaka 15 ikapita. Katika mwaka wa 1958 watu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta mafuta waliona kutoka hewani ndege imelala mchangani, kiasi cha maili 440 kusini-mashariki ya Soluch. Walipotoa habari hawakusikilizwa sana, maana katika vitabu hapakuwa na ndege iliyopotea upande ule. Mwaka wa 1959 wakafika kwa miguu yao, wakaisoma namba: 41-24301. Ndipo vitabu vikafunguliwa upya.

Fikirini mambo waliyoyaona wachunguzi. Ndege ilikuwa imekatika nyuma ya mabawa, lakini haikuungua. Bunduki zake zililia zilipojaribiwa. Simu ya upepo ilifanya kazi. Chakula kilikuwamo na maji yalikuwamo. Lakini hamkuwa na mtu, wala mfupa, wala hata mwavuli mmoja wa kurukia. Basi kutokuwapo kwa miavuli kukawa ndiyo habari ya kwanza: watu wote walikuwa wameruka. Wakazitazama rafadha. Rafadha inayozunguka ikigonga ardhi hupindika vingine, na iliyosimama hupindika vingine. Rafadha tatu zilikuwa zimesimamishwa na marubani kabla, na ya nne ilikuwa ikizunguka bado. Ndege ilikuwa imekaribia kumaliza petroli, ikaendelea peke yake, ikajilaza mchangani bila mwendeshaji.

Lakini imefikaje huko, ikiwa njia ilionyeshwa? Mashini ya kupimia sauti iliyokuwa pwani ilikuwa na upungufu. Iliweza kuonyesha mstari ambao sauti imefuata, isiweze kusema kama msemaji yuko upande huu wa mstari au upande wa pili. Ni kama mtu aliyesimama njiani gizani akasikia kishindo: ajua kwamba mwenye kutembea yumo katika njia ile, hajui kama yuaja kutoka mtoni au kutoka mjini. Mpimaji alidhani ndege iko juu ya bahari ikija. Kumbe ilikuwa imekwisha kupita juu ya nchi kavu, na kila dakika ilizidi kwenda mbali ndani ya jangwa.

Wachunguzi walitafuta watu. Waliona viatu vya marubani vimepangwa mchangani kama mshale, na mbele yake vitambaa vya miavuli vilivyokatwa vikaelekezwa njia na kukandamizwa kwa mawe. Wakafuata alama hadi mchanga wa Calanshio, na pale alama zikakoma. Wakarudi.

Mwezi wa Februari 1960 watafuta mafuta wakakuta miili ya watu watano pamoja, na kijitabu cha Robert Toner, rubani wa pili, alimoandika mambo ya kila siku. Kutoka katika kijitabu hicho twajua yaliyotokea. Wanane walikutana chini usiku ule. Wa tisa, John Woravka, hawakumwona. Walikuwa na chupa moja ya maji, isiyojaa. Kila mtu alipewa kifuniko kimoja kwa siku. Walikwenda kaskazini-magharibi mchana wa jua kali na usiku wa baridi, wakiamini kwamba bahari i karibu. Siku ya tano watano walishindwa kuendelea, wakabaki. Watatu wakaenda mbele kutafuta msaada. Toner aliandika mpaka tarehe 12 Aprili. Watano wale walikuwa wametembea kadiri ya maili 80, jambo ambalo waganga na wajuzi wa jangwa hawakulidhani kuwa lawezekana kwa maji yale. Na ndege yao, yenye maji na chakula na simu ya upepo iliyo nzima, ilikuwa maili 16 tu kutoka pale waliporukia, lakini upande wa kusini, walikoupa kisogo.

Mwaka huo huo Guy Shelley na Harold Ripslinger walipatikana mbele zaidi ya wenzao, kila mmoja peke yake. Mwezi wa Agosti akaonekana Woravka. Mwavuli wake haukufunguka sawasawa, naye alikuwa amekufa tangu usiku wa kwanza.

Ndege ile iliteswa na wageni kuliko ilivyoteswa na jangwa. Kila aliyepita aling'oa kitu cha ukumbusho, na aghalabu hakuandika amekitoa wapi. Hasara ya namna hii imeonekana pia katika Misri: ndege ya Kittyhawk iliyoendeshwa na Dennis Copping, iliyopotea tarehe 28 Juni 1942, ilionekana mwaka wa 2012, na mwavuli wake ulikuwa umetandikwa kando kama kivuli cha mtu aliyekaa akingoja. Watu walianza kuikwangua mara moja. Mwavuli kama huo, ukiwa juu ya meza ya muuzaji, ni kitambaa tu. Pale mchangani ulikuwa ni ushahidi kwamba rubani alishuka hai.

Mwezi wa Agosti 1994 mabaki ya Lady Be Good yalichukuliwa na Walibya yakapelekwa katika uwanja wa ndege wa jeshi karibu na Tobruk. Vitu vyake vingine viko Dayton, Marekani, katika nyumba ya makumbusho ya Jeshi la Hewa. Na katika mji mdogo wa Lake Linden, jimbo la Michigan, alikotoka Robert LaMotte, mtu wa simu ya upepo, imesimamishwa moja ya rafadha zake. Vernon Moore, wa tatu kati ya wale walioendelea mbele, mwili wake haukupatikana katika kutafuta kule.