Mpanzi na Tufani: Juu ya Mifano ya Bwana Wetu na Saburi ya Watu wa Ziwa

Katika mifano yote ya Bwana wetu, labda hapana uliohubiriwa mara nyingi makanisani mwetu kuliko mfano wa mpanzi. Toka Lituhi mpaka Mbamba Bay, na kupanda milimani mpaka Mbinga, kila mtu aujua udongo na jembe, wala mhubiri hana haja ya kueleza maana ya miiba. Lakini mahubiri mengi huishia mahali pale pale. Mhubiri huzihesabu aina nne za udongo, kisha huuliza, Wewe u udongo gani? Swali hilo ni jema, ila halitoshi. Maana msikilizaji akiisha kujiona kuwa yeye ni mwamba, afanye nini? Hurudi nyumbani akiwa mwamba, na Jumapili ya pili huja akiwa mwamba bado.

Mtakatifu Luka, alipouandika mfano huo, ameeleza neno ambalo wengi hulipita upesi. Asema kwamba udongo mwema ni wale walishikao neno na kuzaa kwa saburi. Basi tofauti ya udongo na udongo imo katika saburi. Na saburi haizaliwi pamoja na mtu kama rangi ya macho yake. Hupatikana kwa kazi. Jambo hili nchi yetu yenyewe yatufundisha, kwanza milimani, kisha ziwani.

Wamatengo wakaa katika milima mikali, ambayo mgeni akiitazama husema kwamba mvua moja tu itaushusha udongo wote bondeni. Lakini wazee wao hawakuulaumu mlima. Walifanya ngoro. Mvua za masika zikielekea mwisho, wanaume hufyeka majani, wakayaacha yakauka, kisha wakayalaza kwa safu zinazokatana, hata shamba likawa kama wavu uliotandazwa. Halafu wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu, wakaufunika juu ya majani yale, wakapanda maharagwe juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji huingia mashimoni yakatulia, wala hayaukimbizi udongo; na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Mwisho wa mwaka mahindi hufuata. Hivyo mahali palipokuwa pabaya hufanywa pema, si kwa siku moja, bali kwa kurudia kazi ile ile msimu kwa msimu. Mhubiri anayesema kwamba watu wa kijiji fulani ni mwamba, na aende akayatazame mashamba ya ngoro kabla ya kukata tamaa.

Sasa na tushuke ziwani. Katika Injili ya Marko, sura ya nne, Bwana wetu alifundisha mifano akiwa ameketi chomboni, watu wakisimama pwani. Jioni ya siku ile ile akawaambia wanafunzi wavuke, na tufani ikawapiga. Wahubiri wengi huzikata habari hizi mbili, mfano Jumapili moja na tufani Jumapili nyingine. Lakini ni siku moja na chombo kimoja. Watu wetu wanaoujua upepo wa mwera wataelewa upesi kuliko wengine kwa nini habari hizi zimefuatana: asikiaye neno asubuhi atajaribiwa jioni.

Tazameni jinsi neno lilivyofika ufukoni kwetu. Padre William Percival Johnson alifika Unguja mwaka 1876, kijana aliyetoka masomoni Oxford, katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Kwanza alikwenda Mwembe, mjini kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Biashara ya watumwa ilikuwa ingaliko, na mwaka 1881 alifukuzwa huko. Mbegu ile ilianguka njiani, ndege wakaila. Mwaka 1882 akaja ziwani pamoja na mwenziwe, Padre Charles Janson. Walikuwa hawajakaa sana Janson akafa, akazikwa ufukoni mwa mashariki. Johnson akaenda Uingereza kuomba fedha za meli, akazipata. Lakini mwaka 1884 akapatwa na ugonjwa wa macho uliomnyima jicho moja, na la pili likabaki na nuru kidogo. Meli ililetwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa, na mwaka 1885 ikaanza kazi. Ikaitwa Charles Janson, kwa jina la yule aliyekufa. Mwaka huo huo kisiwa cha Likoma kikawa makao ya misheni.

Kisha ukaja mwaka 1895. Mwezi wa Agosti Padre George Atlay aliuawa upande wetu huu wa mashariki. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, Askofu Chauncy Maples, aliyewekwa wakfu London mwezi wa Juni mwaka ule ule, alikuwa akisafiri kwa mashua kwenda Likoma. Usiku tufani ikaipindua mashua. Mabaharia wakaokoka, Askofu akazama, na Bwana Joseph Williams pamoja naye. Alizikwa Nkhotakota.

Hapa ndipo penye swali gumu, nasi tusilikwepe. Galilaya Bwana aliikemea tufani ikatulia. Nyasa haikutulia. Je, Askofu hakuwa na imani? Mhubiri awaambiaye watu kwamba mwenye imani hazami, awaambie nini wajane wa wavuvi waliomo kanisani mwake? Mama zetu hao wameomba sana, na waume zao hawakurudi. Mahubiri ya namna hiyo ni mbegu juu ya mwamba: huchipuka kwa furaha, na jua la kwanza huikausha. Saburi ya Kikristo haikuahidiwa kwamba kila tufani itakoma. Imeahidiwa kwamba mbegu haitapotea.

Na haikupotea. Johnson hakuondoka. Mwaka wa 1901 meli ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, ilishushwa majini, ikaitwa Chauncy Maples, na ndani yake palikuwa na mahali pa kufundishia walimu. Mzee yule, kwa nuru yake ndogo ya jicho moja, aliifasiri Biblia nzima kwa Kinyanja, nayo ikachapwa mwaka 1912. Akaendelea kuvizunguka vijiji vile vile vya pwani, mwaka baada ya mwaka, hata alipokufa Liuli mwaka 1928, miaka 52 tangu kufika Afrika. Kaburi lake liko Liuli, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Nyasa.

Wala wapanzi hawakuwa wageni tu. Leonard Kamungu alizaliwa Chia, ufukoni huko huko mashariki. Mwaka 1909 akawa padre, naye hakutaka kukaa kwao tu. Akaenda Msoro, katika nchi ambayo sasa yaitwa Zambia, kuwapandia wengine. Akafa huko mwezi wa Februari 1913. Ufuko uliopokea maiti ya Janson ulimtoa mpanzi mwingine, naye pia hakuyaona mavuno yake.

Basi, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mliofundisha watoto sala wakaziacha walipokwenda mijini, msihesabu msimu mmoja. Katika sura ile ile ya Marko umo mfano mwingine mfupi, wa mtu apandaye, akalala na kuamka, na mbegu ikakua asijue jinsi ikuavyo. Mtu huyo halali kwa uvivu, amekwisha kulima. Ninyi nanyi lazeni majani, funikeni udongo, pandeni, na mwaka ujao mrudi shambani pale pale.