Mkongo Uleule, Mwanga Mwingine
Wengi huona historia ya mkongo wa baharini kuwa historia ya kioo, lakini ushahidi unaelekeza kwingine. TAT-8, uliovuka Atlantiki mwaka 1988, ulipitisha megabiti 280 kwa sekunde katika kila jozi ya nyuzi za kioo kwa kuwasha na kuzima leza tu: mwanga moja, giza sifuri. Miongo miwili baadaye wahandisi walitumia pia awamu na uelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya mwanga, mpigo mmoja ukabeba biti nne. Mtu atasema vikuza-mwanga vya erbiamu na leza za rangi nyingi ndivyo vilivyoongeza uwezo. Ni kweli, ila ukanda wa rangi ambazo vikuza hivyo huweza kukuza una mipaka. Ulipojaa, ilibaki kuiunda upya ishara yenyewe. Ndiyo maana mikongo kadhaa iliongezewa uwezo kwa kubadilisha mitambo ya nchi kavu pekee.